Nukta ya Uani

Jumatatu, 2 Juni
Meno ya mtoto hayakutuacha tulale. Lakini kazini nimefika nacheka. Kanuni zangu zimekubali!

Kila kanuni ni picha mbili na mshale: ukiona umbo hili, weka lile. Ukiona chumba, kiongezee kibaraza. Ukiona vibaraza vinatazamana, acha ua katikati, tia nukta. Penye nukta hapajengwi. Kompyuta inafuata, inazaa nyumba — kila moja na sura yake, zote ukoo mmoja na nyumba za mtaa wetu, huu unaotaka kuvunjwa ujengwe upya.

Akina mama walinifungulia milango nipime. Jirani mmoja akataka nipime na kitanda, nijue mumewe anavyojitandaza! Niliwaahidi kitu kimoja tu: ua wa pamoja utabaki.

Pacha kanikumbatia. Yeye ni msanifu majengo, mimi mchoraji wake, ila tangu shule tunaitwa mapacha.

Jumatano, 4 Juni
Mama mkwe kabaki na mtoto. Kaniuliza kama kompyuta yangu inajua kufua nepi. Bado, nikamwambia. Basi isijitie kujua nyumba, kasema. Nimecheka njia nzima.

Hajui kwamba kanuni ya nukta imetoka kwake — anavyokaa mlango wa jikoni, jicho moja kwenye sufuria, la pili kwa wajukuu uani.

Alhamisi, 5 Juni
Nimefungua ramani za kuonyesha mtaani. Nyumba zimebanana. Ua hakuna!

Nikadhani kosa ni langu. Nikaiamuru kompyuta ichore upya, hatua kwa hatua, nikitazama. Chumba. Kibaraza. Ua. Nukta. Halafu nukta ikafutika, chumba kikaingia palepale. Kuna kanuni ya ziada. Sikuiandika mimi.

Neno la siri la faili tunalijua wawili. Nilimpa Pacha wodini, siku ya uchungu, akinisugua mgongo.

Hakukana. Mwenye mradi anataka vyumba zaidi, kasema, kwa hiyo aliiongeza wiki iliyopita kwenye nakala yake, ile iliyochora ramani hizi. Kumbe Jumatatu ananikumbatia ameshafuta!

"Mbona unanuna, pacha? Ni nukta tu."

Nikamwambia airudishe. Kagoma. Tena Jumamosi, kwenye mkutano wa mtaa, nitakayezieleza ramani ni mimi, kwa sababu akina mama wananiamini. Kasema hivyo hivyo, macho makavu. Wakinyoosha mikono, mtaa unavunjwa.

Ijumaa, 6 Juni
Mume wangu anasema ninyamaze, kazi ni kazi. Nimekunja nguo za mtoto, nikazikunjua, nikazikunja tena.

Jumamosi, 7 Juni
Naandika kibarazani, nje ya ukumbi. Mtoto ananyonya.

Ramani zimebandikwa ukutani, zimepakwa rangi, zinapendeza kweli. Nani atagundua? Kabla sijafungua mdomo mama mkwe kawageukia wenzake: "Huyo ndiye aliyezichora! Mkwe wangu huyo! Nyoosheni mikono, msituchoshe." Mkono wake ukawa wa kwanza. Pacha akaanza kuhesabu.

"Mama, shusha mkono!" Nilipiga kelele, sikujijua. "Ua wameufuta. Nukta yangu imefutwa!"

Hakuna aliyeelewa. Nukta gani? Mtoto akaangua kilio, nikatoka naye.

Sasa nawasikia kupitia dirisha. Mama mkwe anamuuliza Pacha nilikuwa nasema nini. Pacha anajibu kwa ile sauti yake ya wodini, ya upole:

"Amechoka tu, mama. Mzazi huyu. Hajalala siku nyingi, anachanganya mambo."

Halafu mama mkwe, taratibu: "Kweli, hajalala."

Hata yeye!

Viti vinaburutwa. Pacha anawaomba wanyooshe tena, vizuri, aone.

Mtoto hajashiba. Nikimtoa atalia, na nikisubiri watamaliza. Haya, mwanangu, shikilia hapo hapo — tunaingia ukinyonya.