Koti Yangu, Vazi ya Eliya

Jumapili, 5 Oktoba 2025
Donc leo hapa Buffalo nimeimbia korali wimbo ya Kiebrania, nilijifunza peke yangu ku YouTube — wote wamelia! Maman Dafroza, mkubwa wa korali, amepiga magoti. Eti lugha ya mbinguni. Amenipa solo ku mkutano wa makanisa, Louisville. Miaka tatu naingoja!

Shida: ile wimbo si ya Mungu hata kidogo. Msichana anaambia chéri wake: rudisha koti yangu, usinipigie tena simu.

Jumatano, 8 Oktoba
Kazini Tonawanda, nafunga makartoni, nawaza waimbaji wa Israeli. Nimesoma njia zao zote. Wengine walianza ku bendi ya jeshi, kisha mashindano ya televisheni, kisha Ulaya nzima inawajua! Mimi jeshi yangu ni Maman Dafroza. Ona maisha.

Jioni nimemwambia ukweli: maman, ni wimbo ya koti.

"Koti?" Ameruka! "Vazi ya Eliya! Ile aliachia Elisha!"

Hapana, maman, ni ya msichana, mwanaume alimuacha.

"Ndiyo! Eliya alimuacha, akapanda mbinguni."



Ijumaa, 17 Oktoba
Ku bus. Tumepita Columbus kuchukua korali ya Westerville. Kiitikio wanakijua tayari — Dafroza aliwatumia ku WhatsApp! Watu arobaini, macho imefungwa: rudisha koti yangu. Mama yangu amenishika mkono, anasema laiti marehemu baba angesikia. Nilipaswa kusema pale pale. Lakini solo...

Jumamosi, 18 Oktoba
Louisville. Naandikia ku choo ya kanisa. Nimevaa vazi nyekundu mpaka chini — Dafroza ameshona! Eti ku mwisho niiangushie watoto, kama Eliya aliachia Elisha.

Asubuhi, tukijaribu mikro, Pasta Ruhimbika, mwenyeji wetu, ameleta mugeni. Mama mzee wa Haifa, Mwisraeli kweli kweli! Nimeimba mistari mbili tu, amecheka mpaka machozi, akacheza. Akaniambia kwa Kingereza: hii niliimba siku nilifukuza bwana wangu wa kwanza! Pasta ameona machozi tu. Bon, amemupa mikro ya pili. Atatafsiria watu wote kwa Kingereza, mstari kwa mstari!

Nimemwomba huyo mama abadilishe maneno kidogo. Amekataa. Eti kwa nini? Wimbo ni nzuri.

Korali imeanza. Mama yangu anagonga mlango: "Toka! Israeli inakungoja!"

Na kitu kinaniudhi kupita yote — leo sauti yangu iko safi. Safi kabisa! Nainua vazi nisikanyage, nafungua mlango —