Vitanda Vinne vya Shela

Baba,

Deni la mbao limelipwa. Natanguliza hili kwa kuwa najua ndilo ungeliuliza kwanza, hata kabla ya kuuliza hali ya Mama. Mama hajambo. Bado yumo edani, hatoki, na amechoka kuhurumiwa na majirani.

Siku ya maziko Ami alisimama makaburini akatangaza kwamba anayemdai ndugu yake aje kwetu. Tulidhani hakuna. Baada ya hitima akaja Bwana Nassor, muuza mbao, na kikaratasi chenye sahihi yako: mbao za vitanda vinne, na hukumlipa hata shilingi. Alikuwa na haya kuliko sisi. Ami akasema urithi usiguswe, na kwamba maiti hapumziki mpaka deni lake liondoke. Mama alilia siku ile kuliko siku uliyofariki. Nami nilikukasirikia, Baba. Sikufichi.

Vitanda tulijua viliko. Viko Shela, kwenye nyumba ya wageni ya Bwana Athmani, mwaka mzima havijalipiwa. Ndugu yangu Ali alituma ujumbe kutoka Mombasa kwamba tumpeleke kwa chifu. Mama hakutaka kusikia. Akasema niende mimi, nidai vile ulivyokuwa ukidai wewe.

Naijua namna yako. Kila Alhamisi baada ya Alasiri ulikwenda ukakaa dakani kwake, pale kwenye kibaraza cha mlangoni, ukanywa kahawa, ukauliza afya za watoto, ukarudi. Deni hukulitaja. "Hahitaji kukumbushwa," ukituambia, "ahitaji kuniona tu." Alikuona sana, Baba, wala hakulipa.

Hata hivyo nilikwenda. Mwanamke hakai dakani na wanaume, kwa hiyo niliingia ndani kwa mkewe, Bi Zena, na kwa vile si adabu kwenda mikono mitupu nilichukua halua. Tukazungumza joto na bei ya samaki. Binti yao Mwanaisha alipoleta kahawa nilimsifu, kwa kuwa sikuwa na la kusema. Alhamisi ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu nikakuta wamefukiza udi, na Mwanaisha amevaa nguo ya Idi. Nikadhani ni kwa heshima ya msiba wetu. Mimi na akili zangu zote.

Ya nne Bi Zena alinishika mkono. "Mwanangu, nena wazi. Mamako yungali edani, nasi hatuna haraka. Ni Ali amtakao?"

Kipande cha halua nikakirudisha sahanini. Mwanaisha akatoka na sinia mbio. Hapo ikabidi niseme yote: vitanda, mbao, maneno ya Ami makaburini. Nikaona uso wake ukibadilika, nikatambua kwamba hakuwa na habari. Mumewe alimwambia vililipiwa zamani. Wageni hawaji, paa linavuja, vyumba viwili vimefungwa tangu mvua, na Bwana Athmani mwenyewe siku hizi anaendesha boti ya hoteli moja ya Ras Kitau, ng'ambo.

Hakunikasirikia. Aliinuka akafungua vile vyumba viwili. Vitanda viwili vimo, vimefunikwa shuka, hajavilalia mtu. Akaniambia nivichukue.

Bwana Athmani alivivusha mwenyewe kwa boti, bila kunitazama usoni, na hoteli anayoifanyia kazi ikavinunua. Fedha sikuzifikisha nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa Bwana Nassor, naye akakichana kikaratasi mbele ya Ami. Vile viwili vilivyobaki kwake, vya wageni, Bwana Athmani analipa kidogo kidogo kwa simu. Mwezi uliopita alipunguza, nikampigia siku hiyo hiyo.

Lakini nilikaa kukuandikia kwa ajili ya jambo jingine. Tulipokuwa tukikunja zile shuka, Bi Zena alisema, "Babako akiya, akikaa, akinwa kahawa. Sisi tukidhani yuatupenda." Akasimama anangoja jibu. Nilimwambia ndiyo, alikuwa akiwapenda. Wakati ule sikujua kama nasema kweli. Njiani nikakumbuka Alhamisi yako ya mwisho. Ulikuwa huwezi hata kupanda ngazi, na ulivaa kanzu ukaenda Shela. Siamini kwamba ulikwenda kwa ajili ya fedha. Nakukosa sana siku za Alhamisi, Baba, kuliko siku nyingine zote.

Kilichobaki nitakidai kwa mdomo wangu, mwezi kwa mwezi, kwa kuwa ni haki ya Mama. Hilo nakuahidi. Ali naye ameuliza, eti kwa mzaha, huyo Mwanaisha yukoje. Nimemwambia apande basi aje ampose mwenyewe, mimi halua zangu zimeniponza.

Pumzika. Hudaiwi na mtu. Alhamisi nitakwenda Shela, na safari hii sina ninachokwenda kudai.

Mwanao,
Khadija