Mti Ule ni wa Nani, Baba?

Mwaka mzima umekatika, Baba, tangu utuache, wewe Lusekelo Mwaisumo, mtunza bustani ya zamani ya katikati ya jiji la Mbeya. Wenzetu mwaka ukiisha hutulia. Sisi ndiyo kwanza tumechanganyikiwa, na wa kutueleza ni wewe.

Tunaikumbuka kofia yako ya sufu na mpira wa maji begani. Hukujua kufoka. Mtoto akikanyaga maua ulimwamkia, "Shikamoo mzee!" mpaka anatoka mwenyewe kwa aibu.

Jumamosi Mama alitaka tukuwekee maua chini ya mti wako kule bustanini. Joachim akapanda basi kutoka Iringa. Kuingia tu getini, vurugu. Joachim akaenda moja kwa moja kwenye mjakaranda mkubwa: "Baba aliniambia aliupanda nilipozaliwa." Juliana akamaka, "Wewe! Huo ni wangu. Tangu darasa la kwanza naumwagilia!" Amos naye akasema ni wake. Tukabishana mbele za watu kama wagombea kiwanja.

Mzee Ambokile, uliyefanya naye kazi, akatusikia akacheka mpaka akakohoa. "Poleni wanangu. Mti huo Lusekelo aliwagawia nusu ya mji. Wanafunzi, maharusi, hata muuza karanga wa pale nje. Alisema mti wenye mwenyewe haukosi maji kiangazi."

Ebo! Kumbe miaka yote tumebeba ndoo kwa mti wa kila mtu! Tukacheka, lakini Mama hakucheka.

Yeye ana msonobari wake kule kwenye ukuta wa nyuma. Sabina, kitinda mimba wenu, alipofariki akiwa na miezi minne, ulimpeleka Mama pale ukamwambia, "Huu ni wa Sabina." Sisi hakutuambia mpaka Jumamosi hiyo. Miaka ishirini na sita akitoka sokoni anapitia, anaugusa, anakwenda zake. Sasa akawa hajui la kushika. Alipewa mti wa mwanawe, au naye alipewa ndoo kama wengine? Moyo ulimuuma, anasema, kuliko siku ya mazishi yako.

Akamshika Mzee Ambokile mkono mpaka ukutani. "Shemeji, usinifiche. Na huu aliwagawia wangapi?"

Mzee akautazama, akavua kofia. "Huu hapana, shemeji. Huu hata mimi alinikataza kuumwagilia. Alikuwa akija mwenyewe, mpaka Jumapili akitoka kanisani, na suti yake."

Mama akakaa chini palepale, akalia kwa sauti, maua yako yakiwa mapajani. Tulimuuliza kama ni furaha au ni uchungu. Akasema hata yeye hajui.

Mbona hukusema, Baba? Mtu wa mizaha kama wewe, huzuni yote hiyo uliificha wapi? Zamu za kumwagilia tumeshagawana, Mama kachukua Jumapili.

Ndaga fijo, Baba, asante sana. Tutakukumbuka masika na kiangazi: mkeo Anjela, rafiki yako Ambokile, wajukuu wako wote, na wanao Joachim, Juliana na Amos.

Mama ameisoma karatasi hii, akaturudishia. Anasema watoto wenu ni wanne, tuandike vizuri.

Joachim, Juliana, Amos na Sabina.