Waya Mwekundu wa Gari la Baba

Karakana ya Hinterau,
Schwarzwald,
9 Novemba 2008.

Mpendwa mdogo wangu Lorenz,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye ukungu. Hujambo huko Kanada? Mgongo umepata nafuu? Sisi tunapumua tu. Baba hali kitu ila supu, na kaburi la Mama bado halijawekewa jiwe.

Najua Ansgar ameshakupigia simu. Siku ya mazishi, watu wakinywa kahawa, kaka yetu huyo alinipasulia mbele ya wote: "Fundi mzima! Unatengeneza magari ya bonde zima, la baba yako linamzimikia mlimani!" Yeye alisomeshwa, mimi karakana hii niliianza na jeki moja.

Hesabu ni hii. Baba alitoka nyumbani kwenda hospitali saa nane kamili. Gari likazima mlimani, akangoja dakika arobaini mpaka likakubali kuwaka. Alifika saa tisa na dakika kumi na moja. Mama alikata roho saa tisa. Toa hizo arobaini, Lorenz.

Jumanne nikaliingiza karakanani. Nozeli zote nne zinazopulizia injini petroli nilizipima: omu kumi na nne na nusu kila moja, nzima kabisa. Umeme unaozifikia, volti kumi na mbili. Nikaiacha injini iungurume mpaka ikapata moto. Ikazima. Nikapima tena upesi: volti tatu. Basi ubaya hauko kwenye nozeli, uko kwenye waya mwekundu unaozigawia umeme. Ukipata joto, unaachia.

Baba alikuwa mlangoni. "Kicheche huyo, Irmi. Si unajua wanyama hao wanavyoingia kwenye injini usiku na kutafuna nyaya?"

Nilifurahi, sikufichi. Nikawaza jinsi nitakavyomwonyesha Ansgar alama za meno.

Nikaufuata waya kwa vidole, nikakuta tepu ya bluu. Bonde zima hakuna fundi anayefunga tepu ya bluu ila mimi. Kicheche aliutafuna kweli, lakini miaka miwili iliyopita. Jumamosi ile nilikuwa na haraka; nikazisokota ncha mbili, nikazifunga, nikasema nitazilehemu Jumatatu. Kazi ya dakika sita.

Nilipoinua macho, Baba naye alikuwa anaitazama tepu.

"Ansgar nimeshamwambia ni kicheche," akasema. "Haya, funga boneti, kahawa inapoa."

Sasa nimeulehemu. Nimeichemsha injini mara tatu: volti kumi na mbili, hazishuki. Lakini kila jioni Baba anatundika kifuko cha nywele za mbwa kando ya injini, kumtisha kicheche. Namwona dirishani, nashindwa kutoka.

Ansgar sijamwambia. Nimeanza na wewe.

Msalimie wifi Colette, na umbusu Bastien kwa niaba ya shangazi yake. Mungu awalinde huko mliko, na msichelewe kuja kumwona Baba.

Dada yako akupendaye,
Irmgard