Pilau ya Mwenyekiti wa Bodi

Jumatano, 4 Juni 2014
Nimelisha mbuzi. Nimeng'oa visiki vya migomba nyuma ya jiko. Mgongo unauma. Baada ya chai nimesoma taarifa ya mwaka ya Kampuni, kalamu nyekundu mkononi. Makosa ya upatanisho wa kisarufi ni mengi mno, nimeacha kuyasahihisha.

Hawa ndio wanaozalisha miche ya migomba maabarani na kuuza hisa zao katika soko la hisa Dar es Salaam. Hisa zangu nilizinunua kwa kiinua mgongo. Miche yao ilileta ugonjwa wa mnyauko, ukaua shamba lote la mke wangu, kisha mashamba ya majirani. Jibu lao: wakulima hatukufuata maelekezo.

Leo nimeona malipo ya Bodi. Ada za wakurugenzi zimeongezwa. Posho za vikao zimeongezwa. Mtendaji Mkuu atapewa hisa za bure kwa sababu ya "ufanisi wa kipekee". Fidia ya wakulima: hakuna hata mstari mmoja.

Mwenyekiti wa Bodi ni Gervas, mtoto wa kaka wa mke wangu. Namchukia. Nimeandika neno hilo nikiwa mtulivu.

Ijumaa, 6 Juni
Mkutano mkuu wa wanahisa utafanyika hapa Kasulu, Jumamosi ya wiki ijayo. Miaka yote hufanyika Dar es Salaam. Sababu naijua: mwaka jana wastaafu wa huko walimzomea Gervas. Anadhani huku atapigiwa makofi na wakulima aliowauzia hisa chache chache nje ya kanisa. Ukumbi umekodiwa. Ng'ombe amenunuliwa.

Vizuri. Aje.

Jumapili, 8 Juni
Gervas amekuja baada ya misa. Gari lake limeziba njia ya watu. "Mwakeye, shangazi!" Alimsalimu kwa Kiha, akamkumbatia mke wangu. Alipita katikati ya visiki bila kuvitazama.

Kila hoja lazima itolewe na mwanahisa. Anataka mimi nitoe hoja ya malipo ya Bodi. "Mwalimu, wewe ukisimama tu, kazi imekwisha. Ukumbi mzima umewafundisha wewe."

Nikamwambia nitasimama. Sikumwambia nitasema nini.

Kisha akamwomba shangazi yake afungue chakula: apokee sahani ya kwanza, ale, ndipo wengine wale. Ndivyo wanavyofanya kijijini kwao Muyama. Mke wangu akaitikia kwa kichwa. Chai sikuimaliza.

Jumanne, 10 Juni
Nimekwenda dukani kwa Bakari. Naye ana hisa, naye alipoteza migomba. Nimemweleza yote. Kura ya mikono tutashinda. Hapo Gervas atadai kura ihesabiwe kwa hisa, na wenye hisa nyingi wa Dar es Salaam watampitisha. Sheria inamruhusu. Kwa hiyo kisasi hakimo katika kura. Kimo katika chakula. Mtoto wa Muyama apike ng'ombe mzima nyumbani kwao, watu wa kwao wasile: uso ataupeleka wapi?

Bakari alicheka hadi akashika mizani. "Mwalimu, pilau ya bure watu waiache? Kasulu hii? Mimi mtu wa pwani sijiamini!"

Nikamwambia atajiamini.

"Na mama je? Mama akila, tumekwisha. Tutagombania hadi ukoko."

Nikaaga, nikaondoka.

Alhamisi, 12 Juni
Nimepita nyumba kwa nyumba. Wengi wamekubali. Mzee mmoja aliuliza kama soda nayo ni chakula. Nikasema ndiyo. Akanuna.

Mke wangu sijamwambia. Bila shaka anajua. Mji huu hauna siri. Ile miche aliipokea kwenye gari, akaifunga kwa kanga mgongoni, akaileta hapa kama mtoto mchanga. Gervas huyo pia mke wangu alimbeba mgongoni, alipokuwa mtoto.

Sitamwomba. Akila, nitamsamehe? Nadhani hapana.

Ijumaa, 13 Juni
Upepo umeleta moshi wa majiko ya ukumbini. Mke wangu amepiga pasi gauni lake la sikukuu.

Jumamosi, 14 Juni
Imekwisha. Naandika kwa utaratibu.

Hoja ya malipo ilisomwa kwa Kiingereza. Nikasimama. Makofi. Gervas akatabasamu. Nikaomba isomwe kwa Kiswahili, jina la kila mkurugenzi na malipo yake. Katibu akasita. Nikangoja nimesimama. Akasoma. Bakari akatafsiri kwa Kiha, kibovu lakini kilieleweka. Ukumbi ukaguna. Nikatoa hoja kwamba yasilipwe mpaka wakulima wafidiwe. Mikono ikapanda hadi mlangoni.

Gervas akadai kura ya hisa. Katibu akafungua mkoba, akatoa fomu za kura za wanahisa wa Dar es Salaam. Dakika chache tu, malipo yakapita. Gervas akashukuru kwa heshima. Akasema, "Sasa, ndugu zangu, tule."

Hakuna aliyesogea. Harufu ilikuwa kali. Niliona koo za watu zikimeza mate. Bakari alitazama dari. Gervas alicheka peke yake, akapakua sahani kwa mkono wake, nyama juu, akampelekea shangazi yake.

Aliipokea. Aliishika kwa muda. Kisha akasimama, akairudisha mikononi mwa Gervas.

"Kula wewe, mwanangu. Wewe ndiye uliyefanya kazi."

Akatoka. Watu wote wakamfuata. Hata mzee wa soda.

Niligeuka mlangoni makusudi, nimwone Gervas. Alikuwa bado ameshika sahani. Nilifurahi. Nilifurahi sana.

Jumapili, 15 Juni
Muyama wamekwisha kusikia. Kanisani wifi yake mke wangu, mama wa Gervas, alihama benchi. Mke wangu aliimba nyimbo zote bila kugeuka.

Nyumbani nilimwambia amefanya vema. Akasema hakufanya kwa ajili yangu.

Jumamosi, 28 Juni
Jioni ya baridi. Tumekaa uani, tunapukuchua maharage. Malipo ya Bodi yamekwisha kulipwa, nimesikia redioni. Hasira yangu ipo.

Simu ya mke wangu imelia. Jina la Gervas. Nilidhani ataiacha. Akajifuta mikono, akaipokea, akaenda nayo upande wa pili wa nyumba. Alizungumza Kiha, kwa sauti ya chini. Maneno sikuyapata.

Nikasikia akicheka, mara moja.

Iliniuma. Sikuinuka. Nikavuta ungo wake karibu na wangu, nikaendelea na maharage yake.