Miguu Yangu ya Bata

Dada Nekesa,

Hapa Tororo kuna joto na vumbi la saruji, lakini sisi walimu tumeletwa kusomea jambo zito: kusimama. Bibi mmoja Mzungu anatufundisha baleti, ngoma ya kwao. Viatu vyake ni laini kama soksi. Nadhani ngozi iliwaishia. Aliposema, "Kunjeni magoti," wenzangu wa huku wote wakapiga magoti sakafuni, wakamwamkia kwa adabu kama desturi yao. Maskini, akaitikia!

Kisha akataka visigino vigusane, vidole vitazame nje. Nikaweza mimi peke yangu. Ati ni kipaji! Wewe uliyenicheka tangu utotoni kwamba natembea kama bata, njoo Jumamosi tukiwachezea wazazi wa wanafunzi. Usione haya kwa miguu yako iliyonyooka; nakupenda hivyo hivyo.

Mdogo wako,
Nafula