Veronika na Kisanduku cha Pampu ya Mungaa

Baba yangu mpendwa, shikamoo.

Naamini barua hii itakukuta umesimama imara, na goti lile limekusamehe baada ya palizi. Mama naye, kikohozi kimepungua? Uwele umebeba, au ndege wamewatangulia? Mimi ni mzima huku Pune, India, nasoma mchana na jioni nafanya kazi. Kinachonielemea ni jambo linalokuhusu wewe kama mwenyekiti wa kamati ya maji.

Uliniandikia kwamba pampu ya kisima chetu hapo Mungaa imenyamaza tena, na ng'ombe wanaswagwa mbali kutafuta maji huku fundi wa wakala aliyetuuzia, aliyeko Dar es Salaam, akisema atakuja akipata nafasi. Baba, kisanduku kinachoiongoza pampu hiyo hutengenezwa katika karakana ninayofanyia kazi. Ndani yake mna programu ndogo inayoamka kabla ya nyingine zote, kisha huiamsha programu kubwa ije kuendesha pampu. Kubwa ikiharibika, ndogo hubaki hai ikingoja kuletewa nyingine.

Miezi hii nimekuwa nikiandika zana fupi, yaani programu za kuzungumza na hiyo ndogo na kuipa kubwa mpya. Hazina picha wala mapambo: unaandika amri kwa herufi, unabonyeza, kazi inaanza. Nimezijenga zifanye kazi kwenye kompyuta ya aina yoyote, hata ile kuukuu ya sekondari anakofundisha dada Veronika.

Mwenye karakana alipoziona, akaagiza zifungwe zikubali kompyuta za mawakala wake tu. Nilisimama nikamhutubia. Nilimwambia kwamba tuliahidiwa soko huria litatufungulia milango, kumbe tumeuziwa mashine na kunyimwa haki ya kuiamsha. Kwamba mkulima asiyeruhusiwa kutengeneza pampu yake hakununua pampu, amepangishwa kiu. Yeye alikoroga chai yake hadi nilipotulia.

"Umemaliza, bwana mkutano?" akauliza. "Sasa nijibu. Mtu akifuta programu kwa uzembe, kisha akaniambia imekufa yenyewe, nitajuaje?"

Nililitafuta jibu kwa siku kadhaa, mpaka nikawakumbuka ng'ombe wetu wanaotunzwa kwa mjomba Ntandu. Humuulizi anawalisha wapi, na maziwa ni yake. Lakini ng'ombe akifa, lazima akuletee ngozi, nayo ngozi itasema kama ni fisi, ugonjwa au kisu. Wazee wetu waliaminiana bila kufumba macho. Basi nikaijenga zana upya: kabla ya kufuta chochote, inanakili programu iliyokuwemo na kuihifadhi, kisha inaandika kila amri iliyotolewa na jina la aliyeitoa. Hiyo ndiyo ngozi.

Nilimweleza hivyo hivyo. Akacheka. "Kwenu marehemu ng'ombe anatoa ushahidi?"

"Ndiyo, mzee. Na hahongeki."

Amekubali ijaribiwe kisima kimoja tu, chetu. Ikishindikana, zana zitafungwa kwa visima vyote. Sharti lake ni kwamba awepo mtu mmoja wa kuwajibika huko. Nimemtaja Veronika, na disketi yenye zana hizo nimekwisha kumtumia.

Najua, baba, kwamba kamati haijapata kumruhusu mwanamke kuingia kibanda cha pampu, na kwamba ulilitetea katazo hilo mbele ya watu. Sithubutu kukufundisha. Nauliza tu: kama tunawakatalia wageni wanaotufungia mashine, tutamfungiaje kibanda mwenzetu anayeijua? Nakuomba usimpitishe kimya kimya. Mtangaze mbele ya kamati, ili likiharibika jambo asiambiwe alijipenyeza.

Ukikataa, nijulishe mapema nimwambie mwenye karakana afunge zana zake. Jina jingine sitaandika.

Mfikishie mama shikamoo yangu, na mjomba Ntandu, mtunza ng'ombe wetu. Shangazi aliyenifungia karanga za safari mwambie nilizila kwa uchoyo mkubwa.

Mwanao anayekuheshimu, na anayengoja neno lako,

Gaspari